Kaya Fungo: Msitu Mtakatifu na Safari ya Kiapo

Kufikia mwaka 1913, Wagiriama wengi walikuwa wamehama Kaya Fungo, makao yao ya kale msituni katika pwani ya Kenya, wakaenea hadi ng'ambo ya Mto Sabaki. Hata hivyo, Mekatilili wa Menza alipowahimiza kula kiapo cha kuupinga utawala wa Waingereza, walirejea kayani, kwani ndiko lilikofukiwa fingo, kago la kuilinda jamii. Agosti 1914 Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Mwezi huohuo vita vilizuka. Wazee waliendelea kutambika huko. Utakatifu wa kaya, basi, haukutegemea wingi wa wakazi. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza msitu huo katika Urithi wa Dunia.