Nundu Isiyo na Bakteria: Dhana Moja na Istilahi Yake

Istilahi ya ugonjwa mara nyingi huzaliwa kutokana na yaonwayo na macho, kabla chanzo chake hakijajulikana. Nundu ya shina, ambayo huota mahali mmea ulipojeruhiwa, ni mfano unaompasa kila aundaye istilahi za elimu ya mimea.

Mwaka 1907, huko Marekani, Erwin Smith na C. O. Townsend walithibitisha kwamba nundu hiyo huletwa na bakteria. Walimpa jina la Kilatini, tumefaciens, yaani mfanya uvimbe. Jina hilo lilisema alitendalo. Halikusema hulitenda vipi. Msomaji aweza kudhani kuwa bakteria hukaa katika nundu akiichochea daima, kama funza akaavyo katika tunda.

Dhana hiyo ilivunjwa katika miaka ya 1940. Armin Braun na Philip White walikuza katika chupa tishu za nundu zisizo na bakteria hata mmoja, nazo zikaendelea kukua pasipo kiasi. Mwenye kuamuru ameondoka, bali amri yake imebaki. Mwaka 1947 Braun alikipa kitu hicho, ambacho hakuna aliyekwisha kukiona, jina la kianzishi cha uvimbe.

Mwaka 1974 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, wakiwamo Jeff Schell na Marc Van Montagu, waligundua plasmidi kubwa, yaani duara la DNA lililo nje ya kromosomu, katika bakteria waletao nundu. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake, huko Seattle, walionyesha kuwa kipande cha plasmidi hiyo kimo ndani ya seli za nundu ya tumbaku. Kipande hicho huifanya seli itengeneze homoni za ukuaji, na pia chakula kimfaacho bakteria.

Hapa neno kuambukiza halitoshi, kwani hueleza kupita kwa ugonjwa, si kupita kwa jeni. Kupandikiza nalo tayari ni kazi ya mkulima. Twapendekeza kupachika: bakteria hupachika jeni zake katika seli. Bila tofauti hiyo, mwanafunzi atamtafuta bakteria ndani ya seli za nundu, asimwone, na adhani mwalimu wake amekosea. Kumbe lililokosea ni neno.