Daftari la Tabibu Cushing

Katika zama ambazo kulifungua fuvu la mtoto kulihesabiwa karibu sawa na kumkabidhi kwa mauti, tabibu Harvey Cushing, mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, alijifunga kwa ada mbili ambazo kwangu mimi zina uzito mmoja: ya kwanza, kukata kwa subira, akiibana mishipa ya damu kwa vibanio vidogo vya fedha na, tokea mwaka 1926, akiiunguza kwa chombo cha umeme alichokibuni mwanafizikia Bovie; ya pili, kuandika khatima ya kila aliyempasua, na kuwaomba wagonjwa wamletee habari zao kwa barua, hata miaka ikipita.

Maradhi ya watoto wengi aliowapasua yalifanana: kichwa kuuma alfajiri, kutapika pasipo kula kibaya, kisha mwendo wa kupepesuka, kwani uvimbe ulikuwa umeota katika ubongo mdogo wa kisogoni, ukaziba njia ya maji ya ubongo. Mwaka 1925 Cushing na mwenziwe Percival Bailey waliupambanua mmoja wa namna hiyo, wakauita meduloblastoma. Nao ni laini, hunyonywa kwa mrija, hata mpasuaji akadhani ameumaliza, kumbe chembe zake zimekwisha kuchukuliwa na maji yale yale hadi uti wa mgongo.

Mwaka 1930 Cushing aliitoa hesabu yake hadharani: katika wagonjwa 61 wa uvimbe huo, mmoja tu ndiye aliyeishi miaka 3 baada ya kupasuliwa. Wenye astrositoma, uvimbe wa namna nyingine wa mahali pale pale, ambayo aghalabu haitawanyiki, wengi wao walipona kwa kisu peke yake. Basi angaliweza kujisifu kwa hao na kuwanyamazia wale, wala hakufanya hivyo, na ndiyo maana naistahi hesabu ile kuliko ustadi wa mikono yake.

Kwa wenye meduloblastoma kisu peke yake hakikutosha; huko Manchester, Edith Paterson wa hospitali ya Christie aliielekeza miali ya tiba kwenye ubongo mzima na uti wa mgongo wote, na mwaka 1953 yeye na mwenziwe wakaeleza kwamba takriban 65 katika kila 100 waliishi miaka 3. Lakini miali hiyo ilidumaza kimo na kudhoofisha uwezo wa masomo, hasa kwa waliotibiwa wangali wadogo mno. Ndipo dawa zikaongezwa ili kipimo cha miali kipunguzwe, na madaftari ya matabibu, yaliyokuwa yakihesabu miaka ya uhai tu, yakaanza kuandikwa pia kimo cha mtoto na maendeleo yake darasani.