Waliobisha Hodi Kabla ya Posho

Mjamzito aliyehamia Njiru wiki iliyopita bado hajulikani katika kituo chochote cha afya. Anayemjua ni mama wa ploti jirani, mwenye daftari la kaya kwapani, aliyekwisha kubisha hodi, akauliza mimba ina miezi mingapi na kama kliniki imeanzwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru, Nairobi. Wapangaji huhama kodi inapopanda au kibarua kinapoisha. Kujua nani anaishi nyuma ya mlango upi, na anaumwa nini, ni kazi iliyofanywa kwa miaka mingi na watu wasio na mshahara.

Historia yao ilianzia mbali na Nairobi. Miaka ya 1970, Dkt Miriam Were alifanya kazi na wanavijiji wa Kakamega, akaonyesha kwamba mkazi aliyechaguliwa na wenzake na kupewa mafunzo mafupi anaweza kuzuia maradhi ambayo hospitali ilikuwa ikiyapokea yakiwa yamekomaa. Huko Saradidi, Siaya, Dkt Dan Kaseje aliongoza mradi wa mkondo huohuo. Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti, yakaafikiana kwamba huduma ya msingi ya afya iwashirikishe wananchi wenyewe. Kakamega haikungoja kufundishwa jambo hilo na wageni.

Serikali iliingia rasmi mwaka 2006, ilipozindua mkakati wa afya ya jamii. Kila watu 5,000 wangekuwa na kitengo chao, na kila mhudumu wa kujitolea angetunza kaya 20 hivi. Hesabu hiyo ilifaa kijijini. Njiru, kaya 20 hazimalizi ngazi za ploti moja ya ghorofa, na baadaye mzigo wa mhudumu mmoja ulipanda hadi kaya 100.

Kazi yenyewe haionekani kwa urahisi, nami nadhani ndiyo sababu ilichukua muda mrefu kuthaminiwa. Chukua kifua kikuu. Dawa zake za kawaida humezwa miezi 6, lakini baada ya wiki chache kikohozi hupungua, nguvu hurudi, na mgonjwa anayetegemea kibarua huona hana haja ya kupoteza asubuhi kwenye foleni ya kliniki. Akiacha, ugonjwa hurudi, pengine ukiwa sugu, na chumba kimoja cha mabati chenye watu watano huwa hatarini. Lazima mtu aende kumtafuta. Aende jioni, maana mchana hayupo. Azungumze kwa sauti ya chini, maana majirani wanasikiliza. Na kesho arudi. Nauli ni yake, na salio la simu ni lake.

Maradhi ya kuhara yalipozuka, ni wahudumu haohao waliofundisha kutibu maji ya mitungi. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilipotangazwa Machi 13, 2020, walipita milangoni wakati wengi wetu tulikuwa tumejifungia. Wengi wao ni wanawake wenye watoto wa kulea na biashara ndogo za kuendesha.

Septemba 25, 2023, Rais William Ruto alizindua, katika bustani ya Uhuru Park, mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, jina jipya la wahudumu hao. Walipewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kifaa cha kupima sukari, kipimajoto na mizani, pamoja na simu ya kuweka rekodi. Posho ikawekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mwezi uliofuata, Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikatiwa saini, ikawapa nafasi yao kisheria.

Nafurahia hatua hiyo kwa moyo wote, ingawa Sh5,000 haziwezi kulipia chumba na chakula Njiru, na katika kaunti kadhaa wahamasishaji wamelalamikia posho inayochelewa. Kutoka 2006 hadi 2023 ni miaka 17. Waliozeeka, waliohama na waliofariki katika kipindi hicho hawakuiona posho hii. Majina yao yamo katika madaftari ya zamani ya vituo vya afya vya Eastlands, upande huu wa mashariki wa Nairobi. Kaunti ingeyatoa humo na kuyaandika ukutani, penye benchi la wagonjwa, kabla karatasi hazijaoza.