Abayudaya

Abayudaya ni jumuiya ya Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, wanaoishi hasa katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Dini yao haikuletwa na wamisionari wala wahamiaji. Wenyeji wenyewe waliifuata baada ya kuisoma Biblia. Leo wanakadiriwa kufikia 2,000 hivi.

Mwanzo

Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu (1869–1928), jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki. Alipokosa madaraka aliyoyatarajia alifarakana nao, akajiunga na Wamalaki, kundi la Wakristo lililokataa dawa za hospitali na kuishika Sabato ya Jumamosi. Kakungulu alizidi kuvizingatia vitabu vya Musa, na mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Akavunja uhusiano na Wamalaki, akaishi na wafuasi wake mahali paitwapo Gangama.

Mwanzoni walichanganya mambo ya Kiyahudi na ya Kikristo, ukiwemo ubatizo. Mwaka 1920 Myahudi mgeni aitwaye Yosef alikaa nao miezi sita hivi, akawafundisha kalenda ya sikukuu, uchinjaji na sala za Kiebrania. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kwa Kiluganda kitabu cha sheria na sala.

Dhiki

Kakungulu alipofariki jumuiya iligawanyika, na baadhi wakarudi katika Ukristo. Waliobaki waliongozwa na Samson Mugombe. Pigo kubwa zaidi lilikuja chini ya Rais Idi Amin, aliyeipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa, wengi wakabadili dini, na watu wapatao 300 tu wakaendelea kusali majumbani kwa siri. Utawala wa Amin uliisha Kampala ilipotwaliwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilianza, sikukuu ya kutoka utumwani.

Ukuaji

Miaka ya 1980 vijana, akiwemo Gershom Sizomu, waliamua kuifufua jumuiya, wakakusanyika katika kilima cha Nabugoye. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Konsevativu waliwahoji mamia ya Abayudaya na kuwapokea rasmi kwa kuzamishwa majini. Wapo waliosita kuhusu jambo hilo, kwa kuwa walijiona Wayahudi tangu kuzaliwa. Sizomu alihitimu urabi Los Angeles mwaka 2008, akarudi kufundisha nyumbani. Mwaka 2016 sinagogi kubwa la Stern lilifunguliwa Nabugoye. Kijiji cha Putti, kwa upande wake, kinafuata mapokeo ya Kiorthodoksi.

Maisha

Ijumaa jioni zaburi huimbwa kwa Kiebrania na Kiluganda, kwa ngoma na gitaa, katika tuni zilizotungwa na wanajumuiya wenyewe. Wengi ni wakulima. Mwaka 2004 J. J. Keki, mmoja wa Abayudaya, aliwaunganisha majirani Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika chama cha ushirika cha kahawa, Mirembe Kawomera, ambacho kimeuza mazao yao nje ya nchi.

Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli imewahi kukataa kuwatambua kwa ajili ya uhamiaji. Hata hivyo, watu waliochagua imani bila kushurutishwa, wakaitunza walipokatazwa na kuirithisha kwa wajukuu, wana haki kamili ya kuhesabiwa miongoni mwa Wayahudi wa dunia.