Kiwewe: Jinsi ya kuituliza nafsi bila kujidhuru

KIWEWE huufanya mwili uendelee kujihami ilhali hatari imekwisha kupita. Mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado, ambako milio ya risasi na vitoa machozi ilisikika wakati wa maandamano ya 2024, gurudumu likipasuka katika barabara ya Namanga latosha kumrudisha mtu siku ile: moyo humwenda mbio, viganja hulowa jasho.

Aliyeshikwa na hali hiyo na akite nyayo sakafuni, avute pumzi polepole. Kisha ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyoweza kuvigusa, sauti 3, harufu 2 na ladha 1. Huenda ikawa vilima vya Ngong kwa mbali, shanga mkononi, kengele za ng'ombe, chai ya maziwa. Lengo si kusahau, bali kuujulisha mwili kwamba leo si siku ile.

Wapo ambao wakifumba macho ndipo picha za mkasa huzidi; hao wayaache wazi. Pombe nayo hutuliza kwa saa chache tu, kisha huharibu usingizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka mbinu ya aina hii mwanzoni mwa mwongozo wake wa 2020 kuhusu msongo wa mawazo. Mafunzo hayo yalijaribiwa miongoni mwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda.

Majinamizi yakizidi mwezi mmoja, mwathiriwa amwone mshauri nasaha, au apige simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199.