Rutshuru: Swala, ng'ombe na watu kwenye maji yaleyale

Familia nyingi zilizokimbia vita katika teritware ya Rutshuru ziliacha nyuma mashamba, ng'ombe na mito. Kambini, na kwa jamaa waliowapokea, swali moja hurudi: ile tambarare kubwa ya kusini mwa Ziwa Edward, kati ya mto Rwindi na mto Ishasha, ni ya nani? Ni ya wanyama wa pori, ya wafugaji, ya wawindaji, ama ya serikali? Ukifuata historia ya miaka zaidi ya 130, unaona kwamba ugomvi huo ulianzia karibu kila mara mahali pamoja: pale ambapo swala, ng'ombe na mtu wanakunywa.

Maji mamoja, saa tofauti

Tambarare hiyo iko chini katika bonde la ufa. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 916 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni kidogo kuliko ya milimani. Mito mitatu, Rwindi, Rutshuru na Ishasha, inashuka hadi ziwani. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8, na tena mwezi wa 1 na wa 2, vidimbwi vya porini hukauka na kila chenye uhai husogea mtoni. Swala aina ya kob hawezi kukaa mbali na maji. Nyamera, kuro na mbogo nao hushuka. Ng'ombe wa kiangazi naye anahitaji kunywa.

Wafugaji wa Bwisha wana neno lao la kupeleka ng'ombe majini: gushora. Kwenye kisima, mchungaji alichota maji na kuyamimina katika birika la udongo, ikibumbiro, na makundi yalipokezana zamu. Jua kali la mchana lilikuwa saa ya ng'ombe. Asubuhi mapema na jioni zilikuwa saa za mbogo na swala, na hizo ndizo saa mwindaji alizozingoja.

Mwindaji wa zamani alikwenda na mbwa, wavu na mkuki, ama alichimba shimo kwenye njia ya wanyama na kulifunika kwa majani. Lakini shimo halichagui. Ndama huanguka humo kama swala. Kwa sababu hiyo, anayetega karibu na njia ya ng'ombe bila kuwaambia wenye ng'ombe alikuwa anajitafutia kesi mbele ya wakubwa. Haikuwa amani ya kila siku, maana watu waligombana na nguvu ya mwenye cheo ilisikika. Hata hivyo, waliokunywa pamoja walilazimika kusemezana.

Sotoka na malale

Pigo la kwanza kubwa halikuletwa na bunduki. Ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo. Kufikia 1891 ulikuwa umefika nchi za Maziwa Makuu. Sehemu nyingi zilipoteza ng'ombe 9 kati ya 10. Mwingereza Frederick Lugard, aliyepita maeneo ya Ziwa Edward mwaka huo wa 1891, aliandika juu ya maangamizi ya ng'ombe na ya mbogo. Virusi vya sotoka hupita kwa mate, makamasi na mavi, kwa hiyo mahali pa kunywea pamoja palikuwa mahali pa kuambukizana. Mbogo hakufuga ng'ombe, ng'ombe hakuishi porini, lakini wote walikufa.

Ng'ombe walipokwisha, hakukuwa tena na wa kula majani. Katika sehemu nyingi za eneo la Maziwa Makuu vichaka vilimea juu ya malisho ya zamani, na mbung'o, yule nzi wa tse-tse, akapata makao. Mbung'o hubeba ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe, na malale, yaani ugonjwa wa usingizi, unaoua watu. Swala na mbogo wanaweza kubeba vijidudu hivyo bila kuonekana wagonjwa. Malale iliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Pande zote mbili za mpaka wakoloni walijibu kwa kuwahamisha watu. Kwenye bonde la Semliki na kando ya Ziwa Edward, vijiji viliondolewa karibu na maji. Ndipo tambarare zikaanza kuonekana kama nchi isiyo na wenyewe.

Mstari wa mbuga

Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji waliunda Mbuga ya Albert, kwanza kwenye milima ya volkeno kwa ajili ya sokwe. Mmoja wa waliosukuma jambo hilo alikuwa Mmarekani Carl Akeley. Yeye mwenyewe alikuja mwaka 1921 akawaua sokwe 5 kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Mwaka huohuo mwana wa mfalme wa Sweden, Wilhelm, alikuja na ruhusa ya kuua 14. Wageni waliwinda kwa ajili ya makumbusho wakaitwa wanasayansi, lakini mwanakijiji aliyewinda kwa ajili ya chungu chake aliitwa jangili. Tofauti hiyo haijasahaulika mpaka leo.

Mwaka 1929 mbuga ilipanuliwa ikachukua tambarare ya Rwindi na Rutshuru, na mwaka 1935 ikafika upande wa Semliki. Watu waliohamishwa kwa sababu ya malale waliambiwa kwamba ardhi ya zamani sasa ni mbuga. Mchungaji alikatazwa kuingiza ng'ombe, mwindaji alikatazwa wavu wake. Wavuvi pekee waliachiwa sehemu kwenye ziwa: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Madai ya fidia na ya mipaka yaliyoanza wakati huo bado yanasikika katika mikutano ya wakaaji.

Upande wa wanyama, ukweli mwingine lazima usemwe pia. Chini ya ulinzi ule, kob, nyamera na mbogo waliongezeka tena. Kufikia miaka ya 1970, mbuga, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga, ilikuwa na viboko karibu 30,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Swala walirudi, lakini watu waliowahi kunywa nao maji hawakuulizwa kitu.

Bunduki mtoni

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka. Kambi za Kibumba, Katale na Kahindo ziliwekwa kando ya mbuga, na miti ikakatwa kwa kuni. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Vita vya 1996 na vilivyofuata vilileta mwindaji wa namna nyingine: mwenye silaha ya kivita, asiye na kijiji pale, asiyejibu mbele ya mwami wala mbele ya mfugaji. Kumvizia mnyama kwenye maji, kazi ambayo zamani ilidai subira, ikawa kazi ya dakika chache. Katikati ya miaka ya 2000 viboko waliobaki hawakufika 1,000. Walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wameuawa katika miaka hii ya vita.

Familia zenye njaa nazo zilikula nyama hiyo. Lakini faida kubwa ya biashara haikubaki kwa mama aliyenunua kipande sokoni. Ilikwenda kwa mwenye bunduki na mwenye gari. Na hasara ilirudi mpaka ziwani: mavi ya kiboko hulisha maji ambamo samaki hukulia, na wavuvi wamelalamika kwamba samaki walipungua viboko walipokwisha.

Yale ya sotoka yamerudi kwa jina lingine

Mwezi wa 4 mwaka 2025 mizoga ya viboko ilionekana ikielea kwenye mto Ishasha na kuelekea Ziwa Edward. Walikufa angalau 50, pamoja na mbogo. Vipimo vilionyesha kimeta, yaani antraksi. Ugonjwa huu hukaa udongoni kwa miaka mingi, huua mnyama wa pori na ng'ombe, na humpata mtu anayechuna au kula mzoga. Wakuu wa mbuga waliwaomba wakaaji wasiguse nyama ya pori na wachemshe maji kabla ya kunywa.

Kwa wale wanaotarajia kurudi nyumbani, jambo hilo si habari ya mbuga tu. Mnyama aliyekutwa amekufa karibu na maji asichunwe, asiliwe, wala asipewe mbwa. Ng'ombe wasinyweshwe mahali penye mzoga, na daktari wa mifugo aambiwe. Chanjo ya kimeta ipo kwa ng'ombe. Chanjo iliwahi kuwaokoa hata wanyama wasiochanjwa: ng'ombe wa kando ya Serengeti, Tanzania, walipochanjwa dhidi ya sotoka, nyumbu wa pori waliongezeka kutoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote. Afya ya ng'ombe ilikuwa afya ya pori.

Siku barabara zitakapofunguka, mfugaji atarudi na ng'ombe wachache, mkulima atatafuta kiwanja, na mwenye njaa atamtazama swala kama chakula. Mlinzi naye atasimama kwenye mstari wa 1929. Sotoka, malale, mstari wa mbuga na bunduki vilifika kila kimoja bila wakaaji wa pale kuulizwa. Mkutano wa kwanza wa kurudi ungeweza kuanza na jambo dogo linalowahusu wote: ng'ombe watanyweshwa wapi, saa ngapi, nani atachunga njia ya maji, na mwenye kutega mtego atajibu kwa nani. Ardhi ni kesi ndefu ambayo inaweza kuchukua miaka, lakini kiangazi kitafika mwezi wa 6.