Wasomaji wa Uganda

Waganda wa zamani walipomwita mtu "msomaji" hawakuwa na maana ya kuwa ajua herufi tu. Neno kusoma katika Kiganda lilichukua mambo mawili pamoja: kutazama chuo na kutamka maneno yake, tena kumwabudu Mungu. Hata sasa Mganda akisema siku ya Jumapili ya kuwa aenda kusoma, huenda maana yake ni kanisani. Sisi walimu, tunaozitenga kazi hizi mbili kwa kengele, moja saa moja na moja saa mbili, twaona haya kidogo tukilifikiri jambo hili. Kwa hiyo tumependa kuandika habari za wasomaji hao wa kwanza, maana kwao chuo na mwenendo havikuwa vitu mbalimbali. Au tuseme, walijifunza kwa taabu nyingi ya kuwa havipasi kuwa mbalimbali.

Kusoma kuliingia Uganda kwa njia ya pwani. Waliotangulia walikuwa Waarabu na Waswahili wenye biashara, nao walifundisha Kurani katika baraza ya Kabaka Mutesa. Mwaka 1875 Stanley alipopita huko alimwachia Kabaka kijana mmoja, jina lake Dallington Maftaa, aliyekuwa mtumwa akawekwa huru, akafundishwa katika shule ya misioni huko Unguja. Kazi yake ilikuwa kumsomea Kabaka maneno ya Biblia na kumwandikia barua zake. Vitabu vingi humtukuza Stanley kwa jambo hili na kumtaja Dallington kwa mstari mmoja. Walakini Stanley alikwenda zake, na aliyebaki na chuo mkononi ni yule kijana.

Novemba mwaka 1878 akafika Alexander Mackay, mtu wa Scotland, fundi wa chuma na wa kila kazi. Hakuwa na kitabu cha Kiganda hata kimoja, kwa hiyo alitumia Injili za Kiswahili zilizofasiriwa na Askofu Steere huko Unguja. Alisoma Kiswahili, akaeleza maana kwa Kiganda. Alichonga herufi za mti ili apate kupiga chapa kurasa za kufundishia. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana watumishi wa baraza ya Kabaka, nao walijifunza upesi sana, kila ajuaye akimfundisha mwenziwe. Mmoja aliitwa Sembera. Mwaka 1881 alimwandikia Mackay barua kwa mkono wake mwenyewe kuomba ubatizo; kalamu yake ilikuwa ujiti wa nyasi, na wino alijitengenezea. Alibatizwa pamoja na wenziwe wanne tarehe 18 Machi 1882.

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala Mwanga mwanawe. Habari za mashahidi zajulikana sana, nasi hatutazirudia zote. Vijana watatu wa kwanza waliuawa kwa moto tarehe 31 Januari 1885; na tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo walichomwa wengi siku moja, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Lililo ajabu kwetu ni hili, ya kuwa siku zile zile kusoma hakukukoma. Watu walikuja usiku kutafuta mafundisho, na Mackay aliendelea kupiga chapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Mtu aliyekutwa na karatasi ile aliweza kuuawa kwa ajili yake.

Hapa waandishi wengine huruka miaka michache, wakafika penye makanisa makubwa na nyimbo. Sisi hatutaki kuruka. Tarehe 24 Januari 1892 wasomaji walipigana wao kwa wao juu ya kilima cha Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki, kwa bunduki, kwa ajili ya utawala wa nchi na mashamba yake. Miaka sita ilikuwa haijatimia tangu ndugu zao kufa pamoja katika moto mmoja. Walikuwa wakisoma Injili ile ile. Basi mtu asituambie ya kuwa kujua maneno kwa moyo kwatosha. Wale waliyajua kuliko wanafunzi wetu, tena kuliko sisi.

Lakini chuo kilikuwa hakijamaliza kazi yake ndani yao. Mwaka 1893 wakubwa wa Waprotestanti, watu 40, walimletea Askofu Tucker karatasi yenye majina yao, kwamba wanataka kuwaacha huru watumwa wao wote. Tufikiri maana yake. Mali ya mkubwa wa Uganda siku zile ilikuwa watu: watumwa ndio waliolima migomba, wakachukua mizigo, wakajenga nyumba na nyua. Kuwaacha ni kuitoa mali yenyewe, tena mbele ya jirani asiyetoa kitu. Hatusemi ya kuwa utumwa ulikwisha nchini siku ile, wala kwamba mambo ya serikali ya Kiingereza hayakuwa na nguvu katika shauri lile. Walakini majina yale yaliandikwa.

Desemba mwaka ule ule, George Pilkington, aliyekuwa akifasiri Maandiko pamoja na Henry Wright Duta, Mganda aliyebatizwa Unguja, alikwenda kisiwa cha Kome katika ziwa. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, aliyesoma Cambridge, tena mwepesi wa lugha mno. Huko alijiona nafsi yake kuwa mkavu; alikuwa akigeuza maneno kwa Kiganda bila yeye mwenyewe kugeuka. Aliporudi Mengo aliyaungama hayo mbele ya watu wote, naye ni mwalimu wao. Wengi wakaungama baada yake, na katika mwaka uliofuata nyumba za kusomea zikajengwa vijijini kila upande.

Biblia nzima ya Kiganda ilipigwa chapa mwaka 1896. Pilkington hakuitumia sana, maana aliuawa Busoga Desemba 1897, wakati wa maasi ya askari wa Kisudani. Reli haikufika ziwani hata mwaka 1901, basi vitabu vile vilichukuliwa vichwani mwa wapagazi kutoka pwani. Chapa moja yake ilifanywa nyembamba kwa upana na nene sana, ili iingie barabara katika kopo la biskuti. Maana mchwa na panya wa Uganda walikuwa hawabagui kitabu. Wenyewe walinunua kwa kauri, wakakifunga koponi, na jioni wakakifungua.